Shahada ya Khartoum si Karatasi ya Kufungia Bhajia

 

Leo hatuna picha ya damu wala video ya watu wakisukumana na polisi. Leo tuna habari ya karatasi. Twajua karatasi haichapishiwi gazetini wala haitoi watu barabarani, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu huenda karatasi yenyewe iko juu ya kabati nyumbani kwenu.

Pita asubuhi moja hapa Kona ya Musa, simama penye boda, uulize, "Profesa yuko?" Utaonyeshwa kijana mmoja mrefu, mpole, pikipiki si yake, kila jioni apeleka hesabu kwa mwenyewe. Jina la Profesa wenziwe walimpa kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe una ukweli ndani yake. Kijana yule ana shahada ya ualimu, hisabati na fizikia, kutoka chuo kikuu kimoja cha Khartoum. Mwaka mzima alisomeshwa Kiarabu kwanza, halafu miaka minne akasoma hesabu kwa hicho Kiarabu. Alimaliza 2022. KCSE yake ilikuwa C+, na kwenye hesabu na fizikia alipata zaidi ya hapo. Kwa hivyo usianze kusema ni mtoto aliyefeli hapa akakimbilia kule. Hapana.

Shahada iko. Ina muhuri wa chuo, ina muhuri wa wizara ya elimu ya juu ya Sudan, ina muhuri wa wizara ya mambo ya nje. Mamake ameitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ameutia kwenye bahasha, bahasha iko juu ya kabati, mbali na mvua na mbali na watoto. Mama yule hajui kusoma Kiarabu cha magazeti wala Kiingereza, lakini ukimuuliza shahada iko wapi atakuonyesha hata taa zikiwa zimepotea.

Sasa sikiza kinachouma. Ndani ya mwendo wa boda kutoka hapo anapopaki pikipiki kuna skuli haina mwalimu wa hisabati wa kutosha. Mwalimu mkuu alimwita, akamsikiliza, akampa chaki afundishe kipindi kimoja cha majaribio mbele ya kidato cha tatu. Watoto wakampigia makofi. Mwalimu mkuu akamwambia, "Mwanangu, hata nikitaka kukulipa kwa mfuko wangu, sheria hainiruhusu." Na mwalimu mkuu hakusema uongo. Kwa Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012, mtu yeyote hafundishi nchi hii bila kusajiliwa na TSC, skuli iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Na TSC haikusajili kwa shahada ya ng'ambo mpaka shahada hiyo iwe imetambuliwa na kulinganishwa na ya hapa.

Hapo ndipo Profesa amekwama. Aliomba utambuzi mwanzo wa 2024, kwenye ofisi moja Nairobi ambayo hatutaitaja, kwa sababu shida hii ni kubwa kuliko ofisi moja. Aliingia mwaka wa pili wa kungoja na hajaambiwa ndiyo, hajaambiwa la. Akiuliza ajibiwa neno moja: "Linashughulikiwa."

Neno hilo ndilo twaligombania leo. Hatuombi shahada ya mtu ipite bila kukaguliwa. Twagomba kwamba mtoto wa Kwale ananyimwa hata kule kukataliwa. Angekataliwa kwa barua yenye sababu angekwenda mahakamani, au angerudi darasani, au angekata tamaa na kufanya lingine. "Linashughulikiwa" halina pa kulikatia rufaa.

Hebu kwanza tueleze ngazi zenyewe, maana watu wengi hapa wadhani kuna dirisha moja. Cheti cha sekondari cha nje, sema umesoma Tanga au Pemba ukafanya mtihani wa Tanzania, chaenda kulinganishwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Shahada ya chuo kikuu cha nje yaenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kisha kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliyoundwa na sheria nyingine ya 2014, nayo pia imepewa kazi ya kutambua na kulinganisha vyeti. Mbili hizi za mwisho zimevutana hadharani juu ya nani mwenye mamlaka na shahada za nje. Ukimaliza hapo bado hujapata kazi, wapelekwa kwa wenye taaluma yako: mwalimu TSC, daktari kwa baraza la madaktari, muuguzi kwa baraza la wauguzi, na kila mlango una fomu yake, ada yake na sharti lake. Makao makuu yao wote yako Nairobi. Siku hizi maombi hufanywa mtandaoni, ni kweli, na tushukuru. Lakini faili likikwama mtandaoni, mtandao hauna uso wa kuuliza. Ndipo mtu apande matatu mpaka Likoni, avuke feri, achukue basi la usiku, zaidi ya kilomita 500, akaambiwe na mlinzi langoni kwamba huduma zote ziko mtandaoni.

Sasa, faili la Profesa limekwamia wapi? Limekwamia kwa barua. Kawaida ofisi inayotambua shahada hutaka chuo chenyewe kithibitishe: ndiyo, huyu alikuwa wetu, alimaliza mwaka fulani, alama zake ni hizi. Jambo la busara kabisa. Isipokuwa mnamo tarehe 15 Aprili 2023 vita vilianza Khartoum kwenyewe, katikati ya mji, na wanafunzi wetu waliokuwa bado wako kule mwaona wenyewe walivyoregeshwa na ndege za serikali hii hii ya Kenya, na viongozi wakapiga picha nao uwanjani. Vyuo vya Khartoum viliporwa, vingine vikachomwa. Wahadhiri walikimbilia Port Sudan, Cairo, Chad, hata hapa kwetu. Karibu miaka miwili mji ule ulikuwa uwanja wa vita. Wataka barua kutoka kwa msajili gani? Aliye wapi? Profesa ameandika barua pepe mpaka amechoka. Mwalimu wake mmoja alimjibu kutoka Misri, akamthibitisha kwa maneno mazuri, lakini barua hiyo haikukubaliwa kwa sababu haina karatasi rasmi ya chuo.

Serikali ilijua kuna vita ilipotuma ndege. Vipi haijui kuna vita inapotaka barua?

Twajua jibu litakalokuja. "Lazima tuwe wakali, vyeti bandia vimejaa." Kweli vimejaa. Mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti yake ikahesabu zaidi ya vyeti bandia 2,000 mikononi mwa wafanyakazi wa serikali. Ni aibu, na kila aliyepatikana alikalia nafasi ya mtu aliyesoma kihalali, huenda ya Profesa. Lakini wale walikuwa tayari wameajiriwa! Walipita mlangoni, wakapewa mishahara na bima. Hakuna aliyetuambia kwamba balaa lile limetoka Khartoum. Ukali wa kweli humwita mtu, humkalisha chini, humpa mtihani. Hesabu ni hesabu. Nusu saa na mwalimu yeyote mzuri wa fizikia itakwambia kama kijana huyu alisoma au alinunua karatasi sokoni. Kumwacha mtu miaka akingoja hakumfichui mwizi. Mwizi hangoji, mwizi ana njia nyingine.

Na usituambie kwamba serikali haiwezi kwenda mbio. Yaweza, ikitaka. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba. Shahada zao zimeandikwa Kihispania, lugha ambayo hapa pwani waisikia kwa watalii tu. Walikuja Juni, wakapewa mafunzo mafupi ya kuizoea nchi, wakasambazwa kaunti. Sisi hatukuwachukia. Mtu akikuponyea mtoto humuulizi alisoma kwa lugha gani. Mpango ule serikali yenyewe iliumaliza 2023, na mijadala yake ya mishahara twaiachia madaktari. Tusemalo ni hili tu: kumbe shahada ya mbali, ya lugha ngeni, huweza kukaguliwa na kukubaliwa kwa muda mfupi, pakiwa na mkubwa aliyetia sahihi.

Au kumbuka Juni 2022. Shahada ya chuo kimoja cha Uganda, ya mwaniaji wa ugavana wa Nairobi, ilitambuliwa, kisha utambuzi ukaondolewa, kisha Mahakama Kuu ikasimamisha kule kuondolewa, na yote hayo yalipita ndani ya siku chache tu, nchi nzima ikitazama. Ile shahada ilikuwa sawa au haikuwa sawa, hiyo si kesi yetu leo. Kesi yetu ni kasi. Faili la mkubwa lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena, kabla ya faili la Profesa wa kwetu kutolewa vumbi. Tena lake halina siasa, halina jimbo analolitaka. Ataka chaki.

Usidhani pia kwamba habari hii ni ya Sudan pekee, ukasema, "Basi wasiende huko." Sisi watu wa Kwale twaishi mpakani. Ndugu zetu Wadigo wako upande huu na upande ule wa Horohoro, harusi zetu ni moja, makaburi yetu ni mamoja, na watoto wengi wa Lunga Lunga na Vanga wamesomea Tanga kwa mjomba au kwa shangazi kwa sababu ndiko kulikuwa karibu na ndiko karo ilikowezekana. Akirudi na cheti chake, aambiwa kakilinganishe. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kazi Julai 2010, na kifungu chake cha 11 chasema nchi zitatambuliana vyeti vya elimu na vya taaluma. Mwaka 2017 marais wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahasibu wana makubaliano yao, wasanifu wa majengo wana yao, wahandisi wana yao, madaktari wa mifugo pia. Yaani anayetibu ng'ombe amefunguliwa njia. Lakini msichana aliyesomea ualimu Tanga, mji ambao ukipanda gari Lunga Lunga asubuhi waufikia kabla ya adhuhuri, arudi kwao awe mgeni mwenye karatasi za mashaka. Machungwa ya Muheza yavuka Horohoro kwa lori siku hiyo hiyo. Akili ya mtoto wetu yangoja.

Na tukisema mgeni, tuwakumbuke wageni wenyewe. Kuna waliokuja pwani hii wakikimbia Yemen, Somalia, Kongo, na sasa Sudan, na baina yao kuna walimu, wauguzi, mafundi wa umeme. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi au kushika taaluma yake, iwapo sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika. Soma tena maneno yale ya mwisho. Haki imetolewa kwa mkono wa kulia, ufunguo umebaki mkono wa kushoto, na ufunguo wenyewe ni lile lile "linashughulikiwa". Mhadhiri aliyekimbia bomu Khartoum ataitoa wapi barua ya msajili aliyekimbia bomu hilo hilo?

Sasa tugeuke. Maana ukurasa huu haukuundwa kuilaumu serikali peke yake, na kuna mambo tukiyanyamazia tutakuwa twadanganyana.

Sisi wenyewe tuna makosa, na ni makubwa. Kila mwaka baada ya Ramadhani hutangazwa misikitini nafasi za kusoma nje. Madina, Misri, Sudan, Uturuki, Malaysia. Mzee husimama, akasoma masharti, watu wakasema mashallah, vijana wakakimbilia pasipoti. Ni nani kati yetu aliyewahi kunyanyua mkono akauliza, "Chuo hiki kimesajiliwa kwao? Somo hili likija Kenya laitwaje? TSC walikubali?" Ukiuliza hivyo wahesabiwa kama huitakii kheri dini. Hapana, ndugu yangu. Kumtuma mtoto wa watu maili elfu bila kuuliza arudipo atakula nini, huko ndiko kutoitakia kheri dini.

Na kuna hili la thanawi, ambalo latuuma zaidi kwa sababu linawahusu vijana wazuri kabisa. Mtoto aacha skuli darasa la sita, aingia madrasa ya bweni, amaliza idadi, amaliza thanawi, amehifadhi Qur'ani, Kiarabu chake kama maji. Apata nafasi Madina, asoma miaka minne au mitano, arudi na shahada. Afika Kenya aambiwa: cheti chako cha sekondari kiko wapi? Atoa thanawi. Aambiwa hiki hatukijui. TSC kwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada hutaka C+ ya KCSE na C+ kwenye masomo mawili anayofundisha. Huyu KCSE hakuifanya. Basi shahada yake ya juu yaangushwa na cheti cha chini, kama nyumba ya ghorofa inayobomolewa kwa sababu kibali cha choo hakikuonekana. Skuli zetu zatafuta walimu wa somo la dini ya Kiislamu mpaka zawapa watu waliolisoma kwa kitabu cha mtihani tu, na huyu aliyelisoma kwa wanavyuoni yuko dukani auza kadi za simu.

Kosa hapa ni la nani? Ni la pande mbili, na sisi tuanze na letu. Madrasa nyingi zilijenga mtaala wake kila moja kivyake, mtihani wake, muhuri wake, hakuna anayemjua mwenziwe. Huwezi kuiambia serikali itambue kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiweka sawa. Wenye madrasa wakae, watoe mtaala mmoja wa thanawi wenye hesabu, sayansi, Kiswahili na Kiingereza ndani yake, mtihani mmoja unaosimamiwa kwa uwazi, kisha waupeleke KNQA ukapimwe. Ule mfumo wa sifa wa Kenya una ngazi 10, kutoka chini mpaka uzamifu. Ngazi zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo, ya kusema elimu hii yakaa hapa na ile yakaa pale. Serikali ina hata sera ya kutambua ujuzi usiotoka darasani: fundi aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa ami yake aweza kupimwa akapewa cheti. Jambo jema mno. Basi ikiwa elimu ya karakana yaweza kupimwa, elimu ya thanawi kwa nini isipimwe? Ipimweni! Ikipatikana pungufu, mtuambie pungufu ni nini, tuongeze. Na wazazi, wallahi, mwacheni mtoto amalize KCSE. Anaweza kuhifadhi na akafanya mtihani. Wengi wamefanya vyote viwili.

Lingine hatulipendi kulitaja lakini mwalijua. Kijana wa Kwale akienda kuomba kazi na cheti chenye maandishi ya Kiarabu, swali la kwanza mara nyingi halihusu hesabu. Ni "Ulikwenda kufanya nini kule?" Profesa aliulizwa hivyo kwenye usaili mmoja, na anayeuliza alikuwa ameshikilia mkononi karatasi yenye alama zake za fizikia. Hapa petu twayajua maswali ya aina hiyo na twajua huishia wapi. Hatutaki kuyafungua leo. Tusemalo ni kwamba kijana aliyesoma akakaa maskani miaka miwili bila jibu huwa na masaa mengi na hasira nyingi, na kila mwenye nia mbaya ajua maskani iko wapi. Serikali inayotumia pesa kwenye semina za hotelini Diani kutufundisha juu ya vijana na misimamo mikali ingeokoa pesa nyingi kwa kumjibu tu barua mwalimu mmoja wa fizikia.

Haya, twataka nini?

Twataka jibu lenye tarehe. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wenye ufanisi, halali, wa busara na wa haki, na uamuzi ukiwa wa kukudhuru upewe sababu kwa maandishi. Hii si hisani, ni Katiba ya 2010. Tena Sheria ya Haki katika Matendo ya Utawala ya 2015 imeenda mbali zaidi: kuchelewesha bila sababu ya maana, au kukaa tu bila kutenda uliyopaswa kutenda, ni jambo linaloweza kupelekwa mahakamani. Kwa hivyo lile "linashughulikiwa" kumbe lina mwisho kisheria. Sisi ndio hatujalishtaki.

Twataka waliosomea Sudan wawekewe njia yao maalumu, kwa tangazo, si kwa kujuana. Ushahidi mwingine ukubaliwe: mihuri ya kabla ya vita, viza za masomo kwenye pasipoti, kiapo, barua za wahadhiri walio uhamishoni, kisha mtihani au mahojiano mbele ya wataalamu. Msituambie haijawahi kufanywa. Ulaya tangu 2017 ina hati maalumu ya sifa kwa wakimbizi wasio na karatasi kamili, ambapo mtu hujaza maelezo na kuhojiwa na wajuzi wa elimu ya nchi aliyotoka. UNESCO ilichukua fikra hiyo ikaileta Afrika, na Zambia ndiyo iliyoijaribu 2019. Zambia, si Sweden.

Na twataka dirisha karibu. Huduma Centre iko kila kaunti. Akae pale mtu mmoja, hata siku mbili kwa wiki, apokee nakala, aone shahada halisi, agonge muhuri kwamba ameiona, amwambie mtu faili lake liko meza gani. Wabunge wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, na mwakilishi wa kike wa kaunti, hili halihitaji mjenge daraja. Ulizeni swali bungeni: ni maombi mangapi ya utambuzi wa vyeti vya nje yamekaa zaidi ya miezi sita, na ya watu wa kaunti gani? Hesabu hiyo hatujaiona popote, na twaitaka.

Wakati wao wafikiria, sisi tusingoje. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia nafasi ya kuiandikia ofisi ya umma akauliza, nayo ina siku 21 kujibu. Wasipojibu kuna Tume ya Haki za Utawala, ile mwaijua kwa jina la Ombudsman, nao wana ofisi Mombasa, feri tu na miguu. Barua moja wataiweka pembeni. Barua 50 za siku moja, zenye swali moja, hazina pembe ya kutosha.

Ijumaa hii baada ya swala tutakaa barazani hapa Kona ya Musa. Kama una cheti cha nje kilichokwama, au mwanao anacho, au nduguyo, lete nakala ya cheti (halisi iache nyumbani, usiibebe kwenye mvua), lete nambari ya ombi na tarehe uliyoomba, na lete ujumbe wowote waliokujibu hata kama ni wa simu. Mkristo uje, aliyesoma India au Kampala uje, uliyesoma Tanga uje. Muuguzi, fundi, mwalimu, wote. Wakimbizi wenye barua zao za utambulisho mje pia, nafasi ipo. Barua tutaziandika pale pale, bure, kila mtu atie sahihi yake.

Profesa amekubali kutuandalia barua ya mfano, kwa Kiingereza na Kiswahili. Alisema ataiandika Alhamisi asubuhi, ila tumngoje kwanza amalize kupeleka watoto skuli.